Bunduki Zote Zinapiga Kushoto

Juzi nilimpelekea fundi cherehani yangu pale Kariokor. Alipoidondoshea mafuta, harufu ikanipiga puani mpaka nikakaa kwenye benchi lake bila kukaribishwa. Kijana wa watu akadhani ni presha. "Mama, nikuletee maji?" Nikamwambia aniache kidogo, nimechoka tu. Na kweli nimechoka. Sisi wa rika letu siku hizi kuchoka ndiyo kazi tuliyobaki nayo, tunaamka nayo na kulala nayo. Lakini si uchovu ulionikalisha. Mafuta yale mepesi ndiyo yaliyokuwa mikononi mwa baba yangu wakati tunakaa mtaa wa Ziwani, hapa hapa Nairobi. Alikuwa akinawa kwa sabuni ya kipande, akajisugua na majivu, akatia udhu, akaswali, akaja mkekani kula. Hata hivyo mkono wake ukinyooka kuchukua tonge, harufu ile ilipita mbele ya uso wangu. Mama alikuwa akiichukia. Mimi niliipenda, na juzi nimegundua kwamba bado naipenda.

Baba alikuwa fundi wa bunduki. Hakuwa mwindaji wala askari, na watu wakichanganya alikasirika. Alifanya kazi katika duka moja mjini, na mwenye duka sisi nyumbani tulimwita Tajiri, basi. Wakulima wenye vibali na walinzi wa mashamba walileta bunduki zao, hii kitako kimelegea, ile kifyatuo kimekwama, na Baba akazitengeneza. Lakini kutengeneza ilikuwa nusu ya kazi. Nusu nyingine ilikuwa kuzipiga, aone zinapeleka risasi wapi, kisha azinyooshe. Kwa hiyo Jumapili Tajiri alimtolea pikapu na dereva, na Baba akaenda kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa kule Njiru, akapiga bunduki za wiki nzima mpaka bega likamvimba.

Na mimi nilikwenda naye. Mama alilalamika kila Jumapili, tena kwa maneno yale yale. "Mtoto wa kike na bunduki, wapi na wapi? Muache anisaidie kuosha mchele." Baba alikuwa na jibu moja. "Huyu ni mboni ya jicho langu. Mtu haendi kazini bila mboni." Mimi nikavimba kichwa, nikapanda pikapu nikikaa katikati ya dereva na Baba, nikiwatazama watoto wenzangu wa Ziwani kama mke wa waziri.

Kule machimboni palikuwa pakavu, mawe ya kijivu, vumbi, na mwewe juu. Dereva alijitandikia gunia chini ya kivuli cha pikapu akalala. Yule bwana angelala hata vitani. Baba alipanga magunia ya mchanga, akalaza bunduki juu yake, akaniziba masikio kwa pamba na kunifunga leso kichwani. Kisha akaanza kunifundisha, maana alikuwa mtu asiyeweza kufanya kazi kimya.

"Sikiliza, mboni. Hii ni bunduki ya marisau. Haikuumbwa kulenga, imeumbwa kutawanya. Ndege akipita, unamrushia vipunje mia, kimoja kitampata. Lakini fisi je? Fisi ukimpiga marisau umemrushia mchele wa harusi. Ndiyo maana wenye ng'ombe wanataka donge."

Donge lilikuwa risasi moja nzito, nene kama kidole gumba cha mtu mzima, inayokaa peke yake ndani ya ganda pale ambapo vipunje vingekaa vingi.

"Sasa fikiri," alisema. "Unamchukua mtu mropokaji, unamwambia leo utasema neno moja tu, na liwe la maana. Anaweza. Lakini lazima umjue kwanza."

Na Baba alizijua, wallahi. Kabla sijajua kuzidisha nilijua kwamba mtutu wa bunduki ile ni laini ndani, hauna mifuo ya kulizungusha donge, kwa hivyo likienda mbali hupotea njia. Nilijua kwamba mtutu uliobanwa sana mdomoni ni mzuri kwa ndege, lakini kwa donge ni taabu. Nilijua kwamba kila bunduki huchagua chakula chake: ganda la kiwanda hiki inalipeleka vizuri, la kiwanda kile inalitema ovyo, na hakuna ajuaye kwa nini mpaka aijaribu. Kuna madini yanayoganda ndani ya mtutu usiposafishwa. Kuna kitako kinachocheza. Halafu kuna bega la mpigaji mwenyewe. "Bunduki ina teke," Baba alisema, "na bega lina kumbukumbu. Ukiungoja mlio kwa hofu, umeshakosa kabla hujafyatua."

Akishapiga, aliinua kichwa na kuniuliza, "Iko wapi, mboni?" Mbele yetu palikuwa na kipande cha katoni kilichochorwa duara la mkaa. Mimi nikatazama tundu, nikasema: juu kidogo, katikati, chini kulia. Nilidhani ananifundisha kulia na kushoto. Mwalimu wetu wa madrasa naye alikuwa akiuliza vitu anavyovijua, akatuchapa tukikosea. Baba hakunichapa, alisema tu "haya," akachukua bisibisi.

Kisha zikaja nyakati ambapo bunduki zote za Nairobi ziliugua ugonjwa mmoja.

"Iko wapi?"

"Kushoto, Baba."

Alibadilisha maganda. Kushoto. Akasugua mtutu kwa tambara mpaka tambara likatoka safi, akapiga. Kushoto. Akasogeza magunia akasema ni upepo, na mimi nikatazama nyasi za ukingoni zilivyosimama kimya. Akachukua bunduki nyingine kabisa, mpya, ya mtu mwingine. Kushoto. "Zinatoka kiwandani zimepinda siku hizi," alisema. "Watu hawana tena haya ya kazi." Na alivyozinyoosha! Mbele kabisa ya mtutu hukaa shanga ndogo ya shaba ya kulengea. Aliifungua, akaisogeza kidogo sana, akaifunga, mpaka nikasema katikati. Ndipo akapumua. Tulirudi nyumbani, naye akiegemeza kichwa dirishani. Nilimwonea huruma bila kujua huruma ile ni ya nini.

Msitu haukosi nyoka. Mkulima mmoja, ng'ambo ya Komarock, wakati huo bado pori na mashamba, alichukua bunduki yake iliyonyooshwa na Baba, akamwona fisi karibu na zizi, akalenga vizuri, akapiga. Fisi akaenda zake. Ng'ombe wa maziwa aliyesimama kulia kwa fisi ndiye aliyeanguka.

Habari zilifika Ziwani kabla Baba hajafika. Wavulana wa mtaa walimngoja pale bombani. "Niaje, buda wa ng'ombe!" Na mwingine, "Mzee, leo kuna nyama?" Baba akapita kama hasikii. Mimi nilisikia kwa niaba yake. Nilitaka kuwarushia mawe, na nilirusha moja, halikumpata mtu.

Jioni hiyo Tajiri mwenyewe alikuja mpaka mlangoni, jambo ambalo halijapata kutokea. Hakukaa, ingawa Mama alimfutia kiti kwa upindo wa leso. Alikuwa mtu mpole, na upole wake siku ile ulitisha kuliko kelele.

"Fundi, tumetoka mbali mimi na wewe," alisema. "Lakini leo ng'ombe, kesho mtu. Jumapili nitakuja nawe machimboni. Utaipiga bunduki ile ile mbele yangu. Ikiwa sawa, nitamwambia mwenye ng'ombe kwamba kosa ni lake. Ikiwa si sawa, utanipa funguo za karakana."

"Bunduki ile mimi nilimkabidhi ikiwa sawa, bwana."

"Jumapili," Tajiri akasema.

Baba hakula usiku ule. Nyumba yetu chumba kimoja na pazia, huwezi kuficha kutokula.

Sasa ngoja niwaambie kilichonipata mimi, maana mpaka hapo mambo yalikuwa ya wakubwa. Baba alikuwa na dada yake mkubwa, Shangazi Mwanakombo, aliyekaa maghorofa ya Kariokor na kuuza vikapu sokoni. Alikuja siku ya pili, akakaa na Mama nje wakichambua mchele. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nimetumwa kulala. Nani analala wakubwa wakinong'ona?

"Wifi," Mama akasema, "ndugu yako ana mtoto wa jicho."

"Yallah! Nani kasema?"

"Nimemwona mwenyewe. Mweupe. Ukimtazama juani unamwona wazi kabisa. Ndiye anayemharibia shabaha. Bunduki hazina kosa lolote."

Nikajitazama mikono. Ndani ya nyumba ile mweupe nilikuwa mimi. Kila mgeni alisema nimemchukua bibi yangu wa Lamu. Na mboni ya jicho la Baba alikuwa nani? Sikuhitaji kuuliza. Mtoto wa jicho ni mimi.

"Basi si atolewe!" Shangazi akasema.

"Mwenyewe hataki kusikia. Anasema baba yenu alichokolewa kule Pwani akaishia kipofu. Atakaa naye hivyo hivyo mpaka kaburini, ndivyo anavyosema."

"Akikaa naye, kazi inakwenda. Mtakula nini? Tena mwambie, akizidi kukua hata kumtoa itakuwa taabu."

"Wanamtoa wapi?"

"Hospitali. Kwa kisu kidogo. Asubuhi anatolewa, yamekwisha."

Nilijifunika shuka gubigubi. Wenzangu, mtoto ana akili, lakini ni akili isiyo na mlango. Ikishaingia jambo, halitoki. Niliyapanga yote yakapangika. Bunduki zilianza kwenda kushoto tangu lini? Tangu mimi nilipozoea kwenda machimboni. Baba akilenga, mimi nimesimama upande gani? Kushoto kwake, kila siku. Nilikuwa nikimvuta jicho. Na alijua, maskini, ila hakutaka nitolewe. Alikuwa tayari kuacha kazi, tufe njaa sote, aniache nikae. Nililia kwa kupendwa vile, na nililia kwa kile kisu. Nikaamua sitangoja hospitali. Nitatoka mwenyewe.

Jumapili asubuhi nilimwambia Mama nataka kwenda kwa Shangazi. Akafurahi, maana ndilo alilolitaka siku zote, mtoto wa kike akae mbali na bunduki. Nikafunga gauni langu la Idi na juzuu yangu ya madrasa ndani ya leso, nikapita upenuni kwa watu ili Baba asinione. Alikuwa akiswali. Nilisikia honi ya pikapu nikiwa nimeshafika barabarani, nikakaza mwendo.

Shangazi alifungua mlango akatazama lile furushi. "Haya makubwa! Umehama?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Umehama! Nani kakufukuza?"

"Hakuna. Nimejitoa mwenyewe, ili Baba apige katikati. Usinipeleke hospitali, Shangazi, nitakaa hapa tu. Nitakuoshea vyombo."

Alisimama kidogo akinitazama. Akaniuliza nimesikia nini, nami nikamwambia yote, mweupe, kisu, na kuzidi kukua. Shangazi alicheka akashika mlango. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akajifuta, na alipomaliza kujifuta niliona kwamba hanicheki tena. "Njoo ule," akasema. Alinieleza kwamba mtoto wa jicho ni ukungu, ni ugonjwa, si mtu. Mimi nilimwitikia kwa adabu na sikumwamini hata kidogo. Wakubwa wakisikilizwa siri zao huzibadilisha.

Alasiri Baba akaja. Tulimsikia kwenye ngazi, anapanda taratibu, mkono ukipapasa ukuta. Hakuingia ndani. Alikaa kwenye kizingiti, mgongo wake umeegemea mwimo wa mlango, akavua kofia yake ya vito akaiweka gotini.

"Dada," akasema, "nimetoa funguo."

Shangazi akamimina chai kwanza. Ndivyo alivyokuwa. "Ulikosa?"

"Sikukosa. Nilipiga katikati ya katikati. Siku zote hizi nilikuwa naona shanga mbili mbele ya mtutu, dada, na sikumwambia mtu. Leo nikamwomba Mungu, nikalenga kwa ile niliyoizoea, maana bunduki ile niliinyoosha kwa macho yangu haya, si kwa ya mwenyewe. Donge likaenda palepale. Tajiri alikuwa amesimama kando yangu, ameshaanza kutabasamu." Akanywa chai, nayo ikamwagikia kidole, hakujali. "Nami nikainua kichwa, nikamuuliza, Iko wapi?"

Shangazi akaweka birika chini.

"Tundu kubwa vile. Nikamuuliza yeye, iko wapi. Nimezoea kumuuliza huyu mtoto. Tajiri akanitazama, akaniuliza, Fundi, wewe huioni? Tumerudi mjini, nikampa funguo. Aliona aibu kuzipokea. Ni mtu mwema, simlaumu."

Nilikuwa nyuma ya Shangazi nimeshika kanga yake. Katika maneno yote yale mimi nilisikia moja. Nikatoka, nikasimama mbele yake.

"Baba, ulipiga katikati?"

"Nilipiga katikati, mboni yangu."

"Bila mimi?"

"Bila wewe."

"Basi mimi sirudi," nikasema. "Nikirudi utapiga kushoto tena."

Hakuelewa. Akamgeukia dada yake, na Shangazi, ambaye maisha yake yote hakuwahi kukosa la kusema, alimweleza kwa sauti ya chini sana: kwamba mtoto amesikia, kwamba amedhani ndiye, kwamba amekuja na nguo zake. Baba alinyoosha mkono hewani akinitafuta, ingawa nilikuwa mbele yake, akanipata bega. Nikasikia harufu ya mafuta na baruti. Alilia. Sikuwa nimewahi kumwona, na alilia vibaya, kama mtu asiyejua inavyofanywa. Mimi nikamfuta na leso yangu nikimwambia asijali, Shangazi ana nafasi ya kutosha.

"Dada," alisema alipoweza kusema, "kesho nipeleke nikatolewe."

Alitolewa. Haikuwa asubuhi na yamekwisha, kama Shangazi alivyojidai kujua. Alilala hospitalini kichwa kimebanwa kwa mito, haruhusiwi kukohoa, na mimi nikabaki Kariokor siku zote hizo kwa hiari yangu, nikiosha vyombo, maana sikutaka kuharibu kazi ya madaktari. Kazi ya bunduki haikurudi. Tajiri alikwisha kupata mtu, na hata mtu huyo hakukaa, biashara yenyewe ilikuwa inakufa. Baba alitengeneza stovu za watu pale Ziwani mpaka uzeeni. Sikumsikia akilalamika, ila alikuwa akichoka mapema, akikaa na stovu mapajani bila kuifungua. Mama alimpita akifanya shughuli zake.

Lakini siku ile walipompa miwani yake, mizito, imefungwa kwa lastiki nyuma ya kichwa, Shangazi alinipeleka nyumbani akinishika mkono. Nilisimama mlangoni, sikuthubutu kuingia. Baba alikuwa mkekani. Macho yake yalikuwa makubwa nyuma ya vioo, kama ya mtu mwingine, akaniita kwa kidole. Nikakaribia. Alinishika kidevu akaniinua uso kwenye mwanga wa dirisha, akanitazama muda mrefu mpaka nikaona haya nikatabasamu.

"Haya meno ya mbele," akasema, "yameota lini?"

"Zamani, Baba," nikamwambia.